Nguzo Haisogei

Ninayoyaandika hapa hamtayaamini, wapwa zangu, na wala sitawalaumu. Niliwasimulia habari za sangala niliyemvua Magara, yule aliyekaa katikati ya mtumbwi kama bwana mkubwa kwenye machela huku mimi nikiogelea nyuma nausukuma, na mkaamini. Hii ya leo haina samaki wala simba, na ndiyo mtakayoikataa: kwamba hapa Rumonge palikuwa na mtu aliyewafundisha watoto wasiojua hata kujifunga nguo kuipima nyumba, kona zake zote zikae sawa kama za sanduku la Mhindi, na aliwafundisha kwa kuwaambia wakimbie.

Mtu huyo ni shemeji yangu Amuri, mume wa dada yangu Batuli. Yuko hapo kibarazani. Ananisikia, kwa sababu mimi nikiandika husoma kwa sauti. Shule niliiacha kabla hawajafika kwenye kusoma kimya.

Amuri alikuwa fundi wa nyumba. Baba yake alivuka ziwa kutoka Manyema na msafara, akafika Rumonge miguu imechoka, akasema atapumzika kidogo, akapumzika mpaka akazikwa. Amuri alizaliwa hapahapa, kati ya michikichi na maji, na ufundi aliujifunza kwa kuharibu mali za watu. Nyumba yake ya kwanza alimjengea Asmani, muuza chumvi. Ilipokwisha, kitanda cha Asmani kiligoma kukaa ukutani: upande wa kichwa kimegusa, upande wa miguu anapita mbuzi na mimba yake.

"Fundi," Asmani akamwambia mbele za watu, "nyumba nimeipenda. Ila huu ukuta ulikuwa unakwenda wapi?"

Mji ulicheka mwaka mzima. Mimi niliendelea peke yangu na mwaka wa pili, kwa kuwa ni shemeji yangu na ni haki yangu.

Kicheko kile kilimwingia Amuri kama mwiba wa mchikichi, ule usioonekana ulipoingilia wala hautoki. Tangu hapo akawa mgonjwa wa kona. Akialikwa harusini, macho yake yako kwenye pembe za nyumba. Akienda kutoa pole, anaufikia ukuta kwanza ndipo mfiwa. Akajifunza kwamba kona haipimwi kwa macho, kwa maana macho yana upendeleo. Kona inapimwa kwa kamba. Unahakikisha kwanza kuta zinazotazamana zimelingana. Kisha unavuta kamba kwa mshazari, kutoka kona hii mpaka ile iliyo mbali nayo, halafu unavuta nyingine kati ya kona mbili zilizobaki. Zikiwa sawa, nyumba imekaa. Zisipokuwa sawa, umesuka kikapu.

Ndipo ikaja amri ya serikali. Ilikuwa miaka ile ya Wadachi, ugonjwa wa malale ulipokuwa unapanda mwambaoni kijiji kwa kijiji. Mtu anachoka, anasinzia mchana, anakonda, mwisho analala na haamki. Wakasema mwenye kuuleta ni mbung'o, na mbung'o anakaa kwenye vichaka vya ufukweni. Basi vichaka vikatwe, na nyumba zilizo karibu na maji zivunjwe zijengwe juu kidogo, kwa mistari. Wanaume wote wenye mikono wakapelekwa kukata vichaka. Amuri aliachwa, kwa kuwa mguu wake mmoja ulivunjika zamani alipoanguka kutoka paani. Paa la nani sitataja, ila chini yake paliwekwa chumvi.

Akabaki na nyumba za kujenga, na hana hata mtu wa kumshikia ncha ya pili ya kamba. Waliokuwa mjini ni wazee, akina mama waliokuwa wakichemsha mawese, na watoto. Na watoto hawakuona mahali pengine pa kuchezea duniani isipokuwa penye vyungu vya mafuta yanayotokota.

"Baba Asiya," dada yangu akamwambia, "hawa watoto iko chini ya chungu tena. Wachukue, kabla sijawakaanga."

Asiya alikuwa binti yao. Alikufa akijifungua, na aliyemwacha ni Mwanvua. Nitamfikia.

Amuri akawachukua. Mwanzo alijaribu kufundisha kwa mdomo, kama walimu wanavyofanya. Akawaketisha mchangani, akasimama mbele yao, akakohoa.

"Kona iliyo sawa," akasema, "ni ile ambayo haikulalia huku wala haikulalia kule."

Wakamtazama kama kuku wanavyotazama mvua.

"Kama nani, babu?" akauliza Maneno, mtoto mwenye swali kwa kila kitu kinachopumua na kisichopumua.

"Kama... kama kona."

"Mimi bibi anasema nalala kama kaa. Je, mimi ni kona?"

Amuri akakasirika, akaitupa kamba chini, akaenda zake kutafuta kivuli. Alipogeuka, watoto walikuwa wameiokota. Ilikuwa kamba ya nyavu iliyofungwa ncha kwa ncha, nao wameingia ndani yake, kila mmoja anaivuta kwa mgongo kuelekea kwake. Kila aliposimama mtoto kamba ilikata kona. Walipovuta watatu ikawa pembetatu. Akaingia wa nne, ikawa na pembe nne. Walipoingia wote, kila mmoja akivuta kama mwenzake, ikavimba ikawa duara kama mdomo wa chungu. Amuri akasimama juani, kivuli amekisahau. Miaka yote ile alikuwa akiibeba nyumba begani, na hakujua kwamba watoto wanaweza kuivaa.

Kuanzia hapo ukawa mchezo, na mchezo una sheria. Wanne wanakuwa nguzo, na nguzo haisogei. Nguzo ikishasimama na kamba imepita mgongoni mwake, hata waje siafu, hata aje mama yake na fimbo, haisogei. Waliobaki ni wakimbiaji: wanakimbia ukuta kwa ukuta wakipima, kisha wawili wanakatiza katikati kwa mshazari, kila mmoja na kamba yake. Njia ile wao waliiita njia ya mjusi. Kamba za mjusi zikilingana, wanapiga kelele mpaka Minago wanasikia. Zisipolingana, lazima itafutwe nguzo iliyolalia nje, na hapo ndipo vita.

"Sharifa amesogea!"

"Sijasogea! Dunia ndiyo imesogea!"

"Umejikuna! Nimekuona. Ukijikuna nyumba inapinda, Asmani analala na mbuzi!"

Kwa mstari walisimama mmoja nyuma ya mwenzake, na Amuri akafumba jicho moja mbele yao. Akimwona mtoto wa kwanza tu, wote waliobaki wamepotea nyuma yake, mstari umenyooka. Sikio la mtu likichungulia, analivuta. Kwa duara mmoja anasimama kati na ncha ya kamba, mwingine anazunguka ameikaza, anaburuta kisigino mchangani mpaka arudi alipoanzia, ana kizunguzungu, anaanguka, anacheka. Na siku moja aliwaletea matete yaliyofungwa ncha, akawaambia wayasukume. Lile umbo la pembe nne lililala ubavu mara ile ile. La pembe tatu walilisukuma, wakaliegemea, Maneno akataka kulipanda kabisa, halikupinda.

"Mnaona kwa nini paa linakaa?" Amuri akawauliza.

Wakatazama juu, kwenye mapaa ya mji, wote kwa pamoja, midomo wazi. Matete yale niliyakata mimi. Bila mimi watu wa Rumonge wangekuwa wanalala nje hadi leo.

Mvua zilipokaribia, watoto wale walikuwa wanaingia nyumba ya mtu bila hodi na kutamka, "Hii inalala." Mwenye nyumba anawafukuza kwa mwiko, halafu jioni anamwita Amuri kimya kimya aje aangalie.

Sasa Mwanvua. Meno yake ya mbele yalikuwa yametoka, mengine hayajaja. Kwa mbio hakuna aliyemfikia. Kwa unguzo alikuwa mbovu kuliko wote. Ukimsimamisha, mguu mmoja unamfuata kuku, mkono unafukuza kitu, kichwa kinageukia ziwani kuona mtumbwi wa nani umefika. Amuri alikuwa na desturi ya kuweka kiganja kisogoni mwa kila nguzo, akimnyoosha mtoto kama anavyounyoosha mti shimoni kabla ya kushindilia udongo. Kwa wengine mara moja ilitosha. Kwa Mwanvua aliondoka na kurudi, aliondoka na kurudi.

"Wewe si nguzo, wewe ni bendera."

"Basi babu, jenga nyumba ya bendera."

"Atalala nani humo?"

"Upepo."

Amuri hakuwa mtu wa kusema anachokitaka, lakini alichokitaka tulikijua sote: mtoto yule akue, naye amwone akikua. Kama ungemwambia nyumba zake zote zitainama, ila Mwanvua ataota meno yake na kuolewa, angekwenda kuziinamisha kwa mikono yake.

Mvua za kwanza zilipopita akaja Bakari, msimamizi wa vibarua, mtu wa pwani, mkanda wake uling'aa kuliko uso wake. Aliwakuta mchangani.

"Fundi ni nani hapa?"

"Mimi."

"Na hawa?"

"Kamba zangu."

Bakari hakucheka. Akasema pale juu, nyuma ya mji, palipofyekwa, panatakiwa nyumba ndefu kadhaa kwa mstari mmoja, na uzio wa kuzizunguka. Zipimwe upesi.

"Nyumba za nani, bwana mkubwa?"

"Za serikali."

"Za askari?"

"Wewe unapima au unauliza?"

Basi akapima. Siku ile uwanja ulikuwa mwekundu na laini, jua limeoshwa na mvua, na ukigeuka unaona ziwa lote mpaka milima ya ng'ambo. Watoto walikimbia tangu asubuhi, hawakutaka hata maji. Nguzo zilizo nzuri zote zikawa zimekwishapangwa, ikabaki kona moja ya mbali ya nyumba ya kwanza, na hakuna wa kuishika isipokuwa Mwanvua. Amuri akaguna, akamsimamisha, akamnyoosha kisogo, akajiandaa kurudi.

Hakurudi. Mtoto hakusogea.

Maneno akampitia na kijiti mgongoni akisema ni nge. Hakusogea. Sharifa akaimba kuyacheka mapengo yake, wimbo mbaya, wa kumtoa mtu machozi. Hakusogea. Nzi akatua mdomoni mwake, akatembea, akaondoka kwa hiari yake. Kamba za mjusi zikavutwa, zikalingana mara ya kwanza, watoto wakapiga kelele zao, na yeye amesimama vile vile, kope zimeshuka kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali.

"Mnamwona Mwanvua?" Amuri akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi. "Hiyo ndiyo nguzo. Kila mtu aje amtazame."

Wakaja, wakamzunguka, wakamtazama. Hata Bakari aliitwa. Akatazama, akasema, "Mtoto mtulivu," akaenda zake.

Jioni Batuli alikuwa anaepua mawese. Amuri alimpa habari yote, kona kwa kona. Dada yangu alikuwa anamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameketi na kipande cha muhogo mkononi, hajakigusa.

"Huyu mutoto kelele yake iko wapi?" akauliza.

"Ametulia. Amekuwa mkubwa."

"Jana alikuwa mudogo."

"Mchezo umemfunza, mama Asiya. Mtoto anafunzika."

"Mimi nilishamzoea na kelele."

"Nyinyi wanawake! Mtoto akipiga kelele mnalalamika, akinyamaza mnalalamika."

Akala, akalala usingizi mzuri. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko yote, kwamba siku ile alilala vizuri.

Kuanzia hapo Mwanvua akawa nguzo ya kwanza kuitwa. Wenzake wakaona wivu, wakaanza kumwiga, wakashindana nani atashusha kope zaidi. Amuri alipita akiwapapasa visogo mmoja mmoja, na akifika kwa mjukuu wake hakuwa na la kunyoosha. Kidole chake kilikutana na kitu nyuma ya shingo, chini ya ngozi, kidogo kama punje ya njugu, kinachoteleza ukikibonyeza. Alidhani ameumwa na mdudu. Akaendelea na nguzo inayofuata.

Siku aliyoanguka walikuwa wanapima banda la mbuzi. Kamba imekazwa, wakimbiaji wako njiani. Mwanvua akaenda mbele mzima mzima, bila kukunja goti, bila kutanguliza mikono, kama mti ambao shimo lake halikushindiliwa. Na watoto, kwa kuwa ndivyo walivyozoea, wakacheka.

"Nguzo imeanguka! Fundi hakuchimba!" Maneno alikuwa anarukaruka. "Babu, hukuchimba!"

Amuri akamwinua. Mchanga ulikuwa umemjaa mdomoni, na hakuwa ameamka.

Hapo kiganja kikaenda chenyewe kisogoni, na safari hii kikaelewa.

Kwetu mtoto akipatwa na jambo, wa kwanza kuitwa ni mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu Nasoro akaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji, Mwanvua akanywa. Akafumbua macho, akataka ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Batuli alimlisha akilia kwa furaha. Kesho yake mtoto alisinzia na tonge mkononi. Likaandikwa kombe jingine, na jingine. Nasoro alikuwa mtu mkweli. Mwishowe aliiweka sahani chini.

"Ndugu yangu Amuri," akasema, "mimi ninaweza kumwomba Mungu. Kumwamsha sikuweza."

Wakati ule daktari wa Kidachi alikuwa akipita na watu wake wakishika watu shingo, na aliyekutwa na punje alichukuliwa. Watu wakawaficha wagonjwa wao kwenye mashamba ya mihogo. Wengine waliwalaza kwenye mitumbwi wakawakimbiza upande wa Kabonga. Dada yangu alitaka kuficha. Mimi nikasema nitamvusha ziwa mwenyewe, kwa mkono mmoja, mawimbi na yote. Hakuna aliyenisikiliza, na kwa mara moja maishani sikukasirika.

"Wana sindano," Amuri alisema. "Kuna mtu wa Minago amepona kwa sindano."

"Umemwona?"

"Nimesikia."

"Umesikia." Batuli akavua kanga yake, akamfunga nayo mtoto. "Haya. Mpeleke na kusikia kwako."

Amuri akambeba, akachechemea hadi njia panda, akauliza kambi ya malale iko wapi. Wakamwonyesha juu, nyuma ya mji. Akapanda. Alipoufikia uzio akaziona nyumba ndefu, kwa mstari mmoja, nyasi za paa bado mbichi, na hakuna hata moja iliyolalia huku wala kule.

Bakari alikuwa langoni. Akamtazama Mwanvua, akamkumbuka.

"Aa, fundi," akasema. "Mtoto mtulivu."

Wakampa nyumba ya kwanza. Amuri hakuruhusiwa kuvuka. Alisimama nje akaona kupitia mlango ulio wazi wanamtandikia mkeka kwenye kona ya mbali.

Sindano ilimwamsha kweli. Haki ya mtu nisiile. Siku za mwanzo alikuja uzioni mbio, akasema ndani kuna mama anakoroma kama kiboko, akamwigiza hadi mlinzi akacheka. Amuri akashuka kilima akiimba, na yeye haimbi. Dada yangu akasonga ugali wa watu ambao hawakuwepo. Kisha siku moja mtoto alikuja uzioni akitembea polepole, mkono mmoja mbele.

"Babu, leo kuna ukungu."

Hapakuwa na ukungu. Ziwa lilikuwa linameta mpaka ng'ambo.

"Kuna ukungu kidogo," Amuri akasema.

Ndivyo dawa ile ilivyowafanya baadhi yao: iliufukuza usingizi kwa muda, halafu ikaondoka na macho. Usingizi wenyewe ukarudi.

Huku chini, Sharifa naye akaanza kusinzia, na nyuma yake mtoto mwingine. Akina mama wakaketi wakakumbuka. Nani alikuwa nguzo nzuri? Nani alisifiwa kwa kutulia? Nani aliambiwa hata siafu wakija asisogee? Wakaona ni wale wale. Mama yake Sharifa, Mrundi wa milimani aliyeolewa mjini, akaja hapa kibarazani. Hakuketi.

"Amahoro, Amuri."

"Amahoro, mama Sharifa. Karibu."

"Mutoto wangu ulimufundisha nini?"

"Kona, mama."

"Ulimufundisha kusimama kama maiti."

"Ni mbung'o, mama Sharifa. Hata daktari amesema..."

"Mbung'o anauma wote. Wewe ulichagua."

"Dada yangu, usiseme hivyo," Batuli akaingilia. "Wetu pia iko kule juu."

"Oya, hapana. Nimesema. Kamba yake isipite mbele ya mlango wangu."

Jibu la daktari Amuri alikuwa nalo, lakini alikuwa pia na shtaka lake mwenyewe, baya kuliko la yule mama. Mtoto alipoanza kusinzia, yeye alimwita mtulivu, akaiita dunia nzima imtazame. Angemwacha awe bendera, kila mtu angeiona siku bendera ilipoacha kupepea. Siku zile za mwanzo, watu walisema, sindano huwafaa baadhi, ikiwahi. Neno hilo, "ikiwahi," alilibeba kila alipokwenda.

Alijaribu mchezo mara moja tena. Alikwenda mchangani na kamba, akaita. Akaja Maneno peke yake, ametoroka. Wakashika ncha moja moja, wakavuta, ukawa mstari.

"Wengine wako wapi, babu?"

"Watakuja."

Wakaishika mpaka mikono ikachoka, hata Maneno akakosa swali. Baada ya hapo ikaja amri kwamba watu wa mwambaoni wahamie milimani, mbali na mbung'o, na jamaa zake Maneno wakajitwika vyungu wakaondoka; sisi tukabaki na mgonjwa wetu. Amuri hajapima nyumba tena. Anachonga mipini ya majembe. Watu wanamwuliza kwa nini, fundi kama yeye. Anawaambia mpini hauna kona.

Mara ya mwisho waliyozungumza, Mwanvua alikuwa hawezi tena kufika uzioni. Mlinzi, sijui kwa huruma au kwa kuchoka, alimwacha Amuri afike mpaka ukutani, kwa nje. Udongo wa ukuta ulikuwa umeanza kupasuka. Wakazungumza kupitia ufa.

"Babu."

"Naam, mama."

"Nimeupapasa ukuta wote. Kona yangu ni nzuri. Ya kule mlangoni imelala kidogo."

"Haikulala."

"Imelala. Sharifa alijikuna."

"Nitaitengeneza."

Amuri alifikiri amekwisha kusinzia.

"Babu, nisogee?"

"Usogee wapi, mama?"

"Wanasema nisogee, nimpishe mwingine. Nimewaambia mimi ni nguzo."

"Sogea, mama. Sogea tu. Mchezo umekwisha."

Safari hii Mwanvua alikuwa amelala kweli.

Msilie basi, wapwa zangu. Mjomba wenu hawezi kuwaacha hapo, mimi si mtu wa kuwaacha watu mahali kama pale. Kwa maana siku chache tu zilipita, na daktari mwenyewe akaja akaufungua uzio, na Mwanvua akainuka, akauona mlango, akatoka kwa miguu yake, na watoto wote wakateremka milimani, wa Minago wakaja, wa Magara wakaja, Kabonga nzima ikahama, wakashika kamba ndefu kuliko huu mwambao, kila mtu nguzo isipokuwa yeye, yeye wakamwambia kimbia, naye akaishika njia ya mjusi toka kona hii, kanga ya bibi yake nyuma kama tanga, akakimbia, akakimbia mpaka—

"Shemeji," Amuri amesema kutoka kibarazani. "Hakukimbia. Nilimbeba mimi, ndani ya sanda."